Intaneti ya Kasi Nyumbani kwa Mama Ally

Mama Ally alipofariki sikuwahi maziko, kwa sababu mvua za mwaka huu zimeifanya barabara ya kutoka kwetu Itumba, Ileje, kuwa uji mtupu, ila arobaini niliapa sitaikosa hata ikibidi nitembee kwa miguu. Nikafika Tunduma asubuhi, viatu vimejaa tope, nikaingia nyumba ile kwa mlango wa uani kama nilivyozoea zamani, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Rehema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, kavaa mtandio mweusi unaoteleza kama maji, miwani puani, mikono yake ni ileile myembamba. Akainuka akanikumbatia kabla sijanawa. “Dada Atu,” akasema, “shangazi ametuacha.” Nikalia naye, na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini sitaanza kwa uongo. Huku nalia nilikuwa nautazama ule mtandio najiuliza kaununua wapi. Miaka ishirini na ushee imepita, kichwa kimeota mvi, na bado yule mwanamke akikaa mbele yangu roho inaniuma. Mimi ni mtu wa wivu, na sijawahi kuona faida ya kulificha hilo kwa watu wanaonijua. Mwaka wenyewe wivu huo ulipoanza ndio nataka kuueleza, maana siku hiyo ya arobaini niliulipua mwenyewe kwa mdomo wangu.

Mwaka huo nilikuwa karani wa Mzee Shomari, mume wa Mama Ally, aliyekuwa wakala wa kutoa mizigo mpakani. Ofisi yake ilikuwa sebule ya nyumba yake, nami nililala chumba cha nyuma, kilichopakana na stoo ya nazi. Mama Ally alikuwa mtu wa Tanga, hali wali usio na nazi, na madereva wa malori walimletea kwa magunia kutoka pwani. Hata nguo zangu za kanisani zilinuka nazi. Sebuleni kulikuwa na makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo ambavyo hakuna aliyevitumia, na pembeni, juu ya meza ya mninga, kompyuta yenye kisogo kikubwa, nayo imevishwa kitambaa chake. Kando yake ilikaa simu ya mezani. Enzi hizo intaneti ilipita kwenye waya wa simu hiyohiyo. Ulipiga namba, ikalia kwa milio ya ajabu kama paka wanaogombana juu ya bati, ukasubiri, ikakataa, ukapiga tena. Ukishaingia, hakuna anayeweza kupiga wala kupigiwa simu, na mtu akiinua mkonga tu, umetoka, uanze upya. Wengi iliwashinda. Mimi nilikuwa na mkono wake. Kwa kusikia mlio tu nilijua kama leo itashika au inanichezea. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, kabla maofisi hayajaijaza laini, nikavuta barua za mizigo kutoka Dar, ukurasa mmoja karibu robo saa, huku madereva wamejipanga barazani wakisubiri nitoke na karatasi. Wazambia waliniamkia “Mulishani, sista” kwa adabu ambayo hawakuwapa hata askari. Mama Ally ndiye aliyeniletea chai ya tangawizi na sahani ya mihogo palepale mezani ili nisibanduke, na mtu akipaza sauti alimkemea: “Nyamaza weye, Atu yumo kwenye laini.” Nyumba nzima ikanyata. Binti wa Kindali kutoka milimani ananyamazisha nyumba ya watu wa pwani, fikiria. Sijawahi kuwa mkubwa vile tena.

Nilikuwa na ukubwa wa pili pia, wa radi. Kwetu Ileje radi si mchezo. Ikinguruma unafunika kioo kwa kanga, unavua kila kilicho chekundu, hukai mlangoni, hushiki jembe, na watu wananyamaza hadi ipite. Msimu wangu wa kwanza pale Tunduma nilikimbilia chumbani kwa Mama Ally nikafunika kioo cha kabati lake, nikarudi sebuleni nikachomoa televisheni, kompyuta na waya wa simu, na Mzee Shomari akanicheka mpaka akakohoa. “Binti wa milimani,” akasema, “radi inamtafuta nani humu ndani?” Jioni ileile ikapiga nyumba ya jirani, ikaingia kwa waya wa simu, ikamuunguzia televisheni na friji. Sisi hata balbu haikuzimika. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka. Nikisema “chomoa”, Mzee mwenyewe aliacha tonge sahanini akaenda kuchomoa, na Mama Ally alikaa kimya na tasbihi yake hadi niseme imepita. Walisema mambo ya radi muulizeni Atu, na mimi nikaitika.

Rehema alikuja kutoka Tanga mwezi wa pili, mtoto wa kaka yake Mama Ally, na cheti cha kompyuta cha miezi sita na hina mikononi. Sikumchukia siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilimfundisha kupiga laini, akashindwa mara nne, nikafurahi, nikampenda. Wiki tatu baadaye Mzee akarudi na mafundi. Kampuni moja ilikuwa imesimamisha mnara kilimani na inafunga intaneti ya kasi majumbani, na Mzee hakutaka kuwa wa pili mtaani. Wakapanda juu ya bati, wakafunga kidude kama sufuria kinachotazama mnara, wakapitisha waya dirishani mpaka kwenye kisanduku chenye taa za kijani. Fundi akakaa kwenye kiti changu bila kuniuliza, akabonyeza, na barua zilizokuwa zikinimalizia asubuhi nzima zikamwagika zote kabla Mama Ally hajamaliza kumimina juisi. Haikulia wala haikukataa. “Hii hata bibi yako anaweza,” fundi akaniambia, akidhani ananifurahisha. Palepale simu ya mezani ikalia, intaneti ikiwa imo, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona. Alikuwa dada yake Mama Ally wa Tanga, mwenye sauti inayotoka nje ya mkonga. “Leo nimekupata kwa mara moja,” nilimsikia. “Yule msichana wenu wa laini hayupo?” Mama Ally akajibu kwa kicheko, “Yupo, kakaa tu hapa, hana kazi.” Najua hakuwa na nia mbaya. Lakini hayo maneno mawili nilikwenda nayo chumbani, nikalala nayo, nikaamka nayo.

Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi sikukonda. Nilinenepa, kwa kuwa sikuwa na la kufanya zaidi ya kula. Rehema alikaa mezani na kompyuta kuanzia asubuhi, na kwa kuwa sasa yeye ndiye asiyetakiwa kubanduka, sahani ya mihogo ikahamia kwake. Mama Ally hakuamua kuninyima, mkono wake tu ulizoea kupeleka sahani kwa aliye mezani. Mimi nilikula uani na wengine. Madereva wakaanza kumwita “Sista Rehema”. Akina mama wa mtaani wakaja jioni kuonyeshwa picha za harusi za jamaa zao wa Maskati, zinafunguka papo hapo, wanapiga vigelegele, na mimi napitisha kahawa. Nilimwambia Rehema zile taa za kijani zinaharibu macho. Nilimwambia kiti kile kinaumiza mgongo, nikaendelea kukitamani. Na yeye, ambaye aliijua mashine lakini hakuijua kazi, alikuwa akiniuliza kila siku, “Dada Atu, hapa forodha wanataka niandike nini?” Nami nikamjibu nusunusu, nyingine nikaiacha tumboni. Jambo la aibu zaidi ni hili: alfajiri nilikuwa bado naamka saa kumi na moja, nachomeka waya wa zamani, napiga ile laini ya simu. Barua zilikwisha kuingia kwa kisanduku cha Rehema. Nilipiga tu nisikie ule mlio, na nisikie bado unanishika.

Ndipo likaja suala la chuo. Ijumaa moja, pilau ipo katikati ya mkeka, Mzee Shomari akatangaza kwamba atamsomesha mtu mmoja Dar es Salaam, kozi ya forodha, miaka miwili, ili arudi kuwa mkuu wa ofisi. Mmoja tu. Mimi na Rehema sote tuombe, chuo kichague, na kikituchagua wote yeye ataamua. Maombi yalitumwa kwa barua pepe, fomu pamoja na picha za vyeti, mwisho saa kumi na moja jioni ya tarehe waliyotaja. Nilishika tonge nisijue kama nalipeleka mdomoni. Bila chuo kile mimi nilikuwa narudi Itumba kulima, kwa sababu karani wa laini ya simu hana maana pasipo laini ya simu. Siku mbili tatu baadaye, niko stoo nachagua nazi, nikamsikia Mama Ally upande wa pili wa ukuta. “Mtoto wa kaka yangu arudi Tanga mikono mitupu, nitamwambia nini kaka yangu?” Mzee hakujibu, nilisikia anavuta kahawa tu. Kule kuvuta kahawa nikakufasiri kuwa ni kukubali. Nikaiweka nazi chini nikasema moyoni, sawa, wameshanimaliza.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa Rehema akasema, mdogo wangu, nitumie na yangu. Mimi niliona bora nife. Sikutaka riziki yangu ipite kwenye kisanduku chake. Nikaamka alfajiri, siku mbili kabla ya mwisho, nikapiga laini ya simu, ikashika, nikatuma. Vyeti vile vilikuwa vizito. Ule mstari wa buluu unaoonyesha barua inavyokwenda ulitambaa kama konokono, adhana ikapita, jogoo wakachoka, na mstari ulikuwa umebakiza sehemu ndogo tu pale Rehema alipoingia sebuleni akipiga mwayo. Niliona haya anione nimekaa saa nzima kwenye kitu ambacho yeye angekifanya kwa dakika. Nikafunika kompyuta kwa kitambaa chake, nikachomoa waya, nikamwambia nilikuwa nafuta vumbi. Imeshaenda, nikajiambia. Mimi, bingwa wa laini, niliyejua kuliko wote kwamba barua isiyofika mwisho haijakwenda kokote, nilijiambia imeshaenda na nikaamini.

Siku ya mwisho, baada ya sala ya adhuhuri, Rehema alikaa mezani akawa habanduki. Nilikuwa uani nakunja nguo. Nikamsikia Mama Ally akimuuliza kutoka jikoni kama amemaliza, naye akajibu, “Bado, shangazi, imebaki picha moja.” Saa yangu ilikuwa kumi na nusu. Kumbe hajatuma, nikawaza. Msimu ulikuwa wa mvua na mawingu yalikuwepo, lakini yalikuwa mbali, upande wa Zambia, meupe, hayana lolote. Barabarani lori likaangusha mlango wake wa nyuma, kishindo kikubwa, bati likatetemeka. Mtu aliyezaliwa Ileje hawezi kudanganyika na mlango wa lori. Niliweka nguo chini, nikaingia sebuleni. “Rehema,” nikasema, “radi hiyo. Chomoa.” Akageuka, mkono bado umeshika kipanya. “Dada Atu, dakika mbili tu.” “Chomoa nimesema, unataka kutuunguzia nyumba?” Alinitazama, akatazama saa ya ukutani, na kutoka jikoni Mama Ally akasema, “Rehema, msikie mwenzio, yeye ndiye anayeijua.” Akachomoa. Taa za kijani zikazimika zote kwa pamoja. Nikaenda nikafunika kioo kwa kanga, nikafunga mapazia, na tukakaa sebuleni sisi watatu kimya, kama ilivyo desturi niliyowafundisha mwenyewe. Mama Ally alihesabu tasbihi. Rehema alikuwa anatafuna pembe ya mtandio wake. Hakikunguruma kitu. Mimi nilitazama mshale wa saa ukipanda kuelekea juu na nakiri nilisikia raha, raha ya kweli, mpaka vidoleni. Saa ilipogonga kumi na moja nikahesabu dakika nyingine kumi, nikasema imepita.

Rehema hakuinuka. Akaanza kulia hapohapo kwenye kochi. Mama Ally akamwambia asilie, mwakani chuo kipo. “Si yangu, shangazi,” akasema. “Yangu niliituma juzi. Ilikuwa ya Dada Atu.” Alikuwa ameikuta barua yangu mchana ule, imekwama katika zile zinazosubiri kutumwa, nusu yake imeharibika. Akaona muda umebaki mdogo, akaamua kuipanga upya yote mwenyewe, cheti kwa cheti, bila kuniambia. “Nilijua ukijua utaona haya,” akaniambia, na kamasi zinamtoka. “Nikasema nitatuma tu, usijue. Nisamehe, dada, nimekawia.” Akachomeka, akaituma hivyohivyo saa imeshapita. Baada ya wiki mbili walijibu kwamba maombi yaliyochelewa hayapokelewi. Jina la Rehema lilitoka. Mzee Shomari aliniita barazani, akapangusa miwani. “Mimi nilikuwa nimeshamwambia mke wangu,” akasema, “wakitoka wote wawili atakwenda Atu. Radi imekunyima, mwanangu. Hatuwezi kushindana na Mungu.” Nikamjibu ndiyo, Mzee.

Hivyo ndivyo hadithi ilivyokaa: radi ilimnyima Atu chuo. Nilirudi Itumba mwaka uliofuata, nikaolewa, na leo nina duka langu la stesheneri karibu na ofisi za wilaya, ninawajazia watoto wa watu fomu za vyuo mtandaoni. Rehema alimaliza, akapanda, sasa ana ofisi yake Dar yenye watu chini yake. Kila nilipokutana naye, kwenye harusi au msibani, alisimulia yaleyale kwa watu: ni mimi niliyechelewa, dada yangu huyu angekuwa mbali. Binti yangu alipopata chuo Dar, Rehema alipiga simu kabla sijamwomba, akasema akae kwake. Sasa ni mwaka wa pili yumo humo, analala kwenye chumba chenye dirisha kubwa, anakula kwa Rehema. Mimi nikipokea picha zao wawili kwenye simu, wamekumbatiana jikoni, badala ya kushukuru huona uchungu kwamba mwanangu naye amempenda.

Siku ya arobaini tulikuwa uani tunapakua pilau baada ya dua. Rehema ameshika upawa, mimi nashika sahani, na Salma, mke wa Ally, anapeleka. Rehema akaanza tena. “Unamwona huyu, Salma? Huyu ndiye aliyekuwa aende. Mimi nilichelewa dakika mbili tu, na mpaka leo nikisali namwomba Mungu anisamehe dakika zile.” Alisema bila kujionyesha, na nikamwonea wivu hata kwa hilo, kwamba ana moyo wa kubeba kosa miaka yote hii asichoke. Nikasikia mdomo wangu unasema, “Hakukuwa na radi.” Salma akasimama na sahani. “Siku ile,” nikasema, “lilikuwa lori. Nilijua ni lori. Nilidhani unatuma yako.”

Upawa ulibaki hewani, wali ukadondoka punje mbili tatu. Nilitegemea anitukane, na nilikuwa nimeshajiandaa. Alivua miwani, akajifuta uso kwa kiganja, akaivaa tena. “Atu,” akasema. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu kuniita bila dada. “Miaka yote hii mimi nakuomba radhi wewe?” Nikaiweka sahani chini. “Shangazi amekufa anaamini nilikuponza. Mpaka siku za mwisho ananiambia, mtazame Atu, una deni lake.” Nikamwambia najua. “Hujui,” akasema, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. “Mwanao abaki kwangu amalize. Yeye hajanikosea kitu.” Akarudi kupakua.

Akapakua zote, za wanaume barazani, za wageni, za majirani, na yangu akaijaza kama ya mtu mwingine yeyote, akanipa kwa mikono miwili. Kisha akachukua yake, akapita pale nilipokuwa nimemwekea nafasi kwenye mkeka, akaenda mpaka mwisho kabisa, karibu na ukuta, alipokaa mama mmoja jirani aliyehamia siku hizi. Yule mama akasogea, akakunja kanga yake kumpisha. Rehema akakaa, akamwinamia akamwambia kitu sikioni, na yule mama akamshika goti. Mimi nikabaki na sahani yangu mapajani, namwonea wivu mwanamke ambaye hata jina lake silijui.